Jicho la kushoto linachelewa

Nilisema sitaandika tena habari za kazi mpaka majaribio yaishe. Navunja ahadi, maana siku ya sita hii sentensi moja inanifuata nyumba nzima. Nikiosha vyombo iko, nikifunga mlango iko.

Jumatatu nilikwenda kumchukua Mgeni, roboti wetu wa majaribio, kwa mama mzee aliyekuwa anakaa naye, Bibi wa Redio. Wiki zake 6 zilikuwa zimetimia. Jina alimpa mwenyewe, mnakumbuka, na siku ya tatu akanipigia simu kulalamika kwamba amempa jembe hakulishika. Nilimkuta Mgeni juu ya kabati la redio, kafunikwa kitambaa mabegani kama mtu mwenye homa, macho wazi, chaji asilimia 9.

Kwenye kumbukumbu za mashine nilikuwa nimeshaona kitu: usiku 42, hajazimwa hata mara moja. Fundi wetu wa betri alikuwa ameshaanza kununa. Mimi nilidhani ni kitufe, kigumu kwa vidole vya mtu wa miaka 78, nikaenda nimejiandaa kuzungumzia kitufe.

"Mama, kile cha nyuma kinakusumbua?"

"Hakinisumbui." Akanyamaza kidogo. "Akizimwa, anajua?"

"Hapana, Mama. Hakijui chochote."

"Kama hajui, mbona mmemfundisha kufumba macho?"

Sijapata la kusema, akaongeza: "Tena la kushoto linachelewa. Kama mtoto anayepigana na usingizi. Kumfanyia hivyo kila usiku, mimi siwezi."

Mimi nikajibu nini? "Tutaliangalia hilo." Tutaliangalia hilo! Kama karani wa dirishani saa ya kufunga.

Jicho la kushoto ni langu. Macho ya Mgeni ni skrini mbili za duara, na kope ni mchoro tu unaoshuka juu yake. Mwanzoni zilishuka pamoja, chap, zikafanana na milango ya duka. Nikakaa nazo karibu wiki 3. Sasa zinashuka kwa sekunde 1.8; la kushoto linaanza sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, na katikati linasita, linapanda kidogo kama linalotaka kutazama tena, ndipo linafunga. Hakuna aliyeniomba. Siku niliyowaonyesha wenzangu, chumba kizima kiliguna kwa huruma, na nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa furaha.

Kumbe kwa sehemu hiyo ya kumi ya sekunde, mama wa watu amekaa wiki 6 na taa mbili zinamkodolea usiku kucha. Nilimuuliza kama mwanga haukumnyima usingizi. Akasema alikuwa anamgeuza uso ukutani, halafu anamwonea huruma, anaamka kumgeuza tena.

Na kuna hili ambalo labda linanikera mimi peke yangu: yeye aliuliza kwa *a-*, mimi nikajibu kwa *ki-*. Ripoti zetu zote zinasema kifaa kimezimwa, kifaa kimewashwa. Lakini ofisini, betri ikiisha, hakuna anayesema kimezima. Tunasema amelala. Nilikimbilia *ki-* mbele yake kama mtu anayevaa koti la daktari akiulizwa swali gumu.

Usiku najitetea kwamba sikuanza mimi. Takanori Shibata, aliyemtengeneza roboti Paro kule Japani, alichagua umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, kwa sababu paka na mbwa tunawajua mno, tungewashtukia. Sili nani amefuga? Na Paro hachajiwi kwa waya wa kuchomeka mgongoni. Anawekewa mdomoni kitu chenye umbo la ile chuchu ya mpira ya kumtuliza mtoto. Hebu fikiria mkutano ulioamua hilo. Mbwa roboti wa Sony, Aibo, alitoka 1999, akaacha kutengenezwa 2006, na matengenezo rasmi yakafungwa 2014. Baada ya hapo, katika hekalu la Kofukuji mjini Isumi, makuhani wa Kibuda wakawa wanawasomea sala mbwa wa plastiki waliopangwa kwa safu. Na Jibo, roboti wa nyumbani, seva zake (kompyuta za mbali alizozitegemea) zilipokuwa zinaelekea kuzimwa 2019, aliwatangazia mwenyewe wenye nyumba kwa sauti yake. Hilo la Jibo niliwahi kulisifu hapa. Nililiita uungwana. Sasa hivi sijui ningeliitaje.

Jumatano, kwenye mkutano, nilisema kope ziondolewe. Mwandika programu akazitoa kwa dakika 5. Dakika 5! Ukizima, skrini zinakuwa nyeusi, basi. Ukweli mtupu. Nikambeba Mgeni nyumbani nikiwa na amani ya mtu aliyetubu.

Kitinda mimba wangu akabonyeza kitufe. Macho yakawa meusi papo hapo. Akamtazama Mgeni, akanitazama mimi.

"Umemuua."

Aliyebonyeza ni yeye. Baba watoto alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, nikiwa nimeshika roboti aliyekufa na mtoto anayelia.

Aliyetuokoa ni fundi wa betri, mtu ambaye hajawahi kujali sura ya chochote. Alhamisi alisema, bila kuinua kichwa, "Wekeni saa." Ukizima, jicho moja linabaki na saa, jingine na dakika, mwanga hafifu. Hajalala, hajafa, amebadilisha kazi. Na betri inapumua, maana mota, kamera na maikrofoni vyote vimezimika kweli. Tulimcheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu ilikubali. Mtoto alisoma 19, akasoma 40, akaenda kutafuta mpira wake. Nilihisi mwepesi. Nililala saa 8 mfululizo, jambo ambalo wenye watoto wenzangu mtaelewa.

Ijumaa nikampigia Bibi wa Redio kumpa habari. Nilimweleza vizuri, polepole, hata na ule mwanga hafifu.

"Saa ninayo," akasema.

Nikasubiri. Redio ilikuwa inasoma vifo vya jioni.

"Ninazo mbili."

Kisha akauliza tumemweka wapi: dirishani, au ndani ya kabati?

"Yuko mezani kwangu, Mama."

Yuko, nilisema. Na ni kweli, mezani alikuwepo, kiwiliwili upande huu, kichwa kwenye boksi, kitambaa chake nimekikunja chini ya kibodi ili kisipotee. Kitambaa hicho sijui nikirudishe au ataona namrudishia maiti.

"Haya," akasema.