Kanisa la mbao la Borgund na shimizi yangu ya harusi

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anaishi Bergen huko Norwe tangu walipotolewa kambini, na harusi ya binti yake njo ilinifikisha kule. Mambo ya visa yalinichosha sitaki hata kuyagusa. Siku nne za kwanza ni mvua, harusi, tena mvua, na bei. Kahawa moja pale kituo cha mafuta inakula franga zenye huku Kadutu, kwetu Bukavu, Kongo, zinalisha nyumba siku mbili, kuanzia hapo nilitembea na chupa yangu ya maji.

Siku ya tano yaya akaniambia, weye ni seremala, huwezi kurudi Bukavu bila kuona Borgund. Tukatoka asubuhi na gari yao, tukapita ile tuneli ya Lærdal, kilometa 24 na nusu ndani ya mlima, wameweka fasi tatu pana zenye taa za buluu ili dereva asisinzie, na mimi nilisali njia yote. Sisi milima tunaizunguka, tumboni mwake hatuingii.

Kanisa liko bondeni, milima huku na huku, dogo kuliko nilivyowaza, jeusi, mapaa yamepandana moja juu ya lingine, na juu kabisa kuna vichwa vya majoka vya kuchongwa. Kuingia ni tiketi, zaidi ya dola kumi kwa mtu mmoja! Hapo nilikasirika kweli, kwetu nyumba ya Mungu hailipishwi mlangoni, sadaka unatoa ukiwa ndani na kwa mapenzi yako. Yaya akalipa. Binti wa tiketi akauliza tunatoka wapi, nikasema Bukavu, akaitikia palepale: "Mukwege!" Ni daktari wetu wa Bukavu, Nobel ya amani alipewa Oslo kwao, 2018. Moyo ukatulia kidogo. Nikamwambia bibi yangu alizaliwa Kaziba, fasi yenye wamisionari wa kwao Norwe walifungua misioni miaka ya 1920, hakuwa anajua, akachukua kalamu akaandika hilo jina.

Tukazunguka nje kwanza. Jua lilikuwa kali, mimi nimevaa shimizi, shati langu nyeupe la harusi, nikaegemea ukuta yaya anipige foto. Kuondoka, shimizi imenasa. Ukuta ulikuwa unatoka jasho. Ni guduro jamani, lami, lakini si ile ya barabara, hii ni ya miti, wanaichoma kutoka visiki vya misonobari halafu wanapaka kanisa zima, baada ya miaka wanapaka tena. Yaya akaanza kulalamika juu ya shimizi, nami niko nanusa vidole, harufu ya samaki wa moshi kabisa.

Binti akatueleza miti yake ilikatwa majira ya baridi ya 1180 kuingia 1181, walijua kwa kuhesabu pete za ndani ya mti. Miaka mia nane na zaidi! Nikainama kutafuta siri. Nguzo haigusi udongo. Imekaa juu ya boriti nene, boriti juu ya mawe. Makanisa yaliyotangulia walichimbia nguzo ardhini, zikaoza. Mimi nyumba yangu ya kwanza Kadutu nilichimbia mikaratusi, nimeipaka mafuta ya vidanje yenye yametoka kwenye motere, mwaka wa sita nilisukuma nguzo na kidole kikaingia. Hapa nikapitisha kidole kwenye maungio, mbao zimeumana na kushikwa na vijiti vya mti, hata wembe haupiti.

Ndani ni giza, mwanga unatoka vitundu vidogo kule juu. Ibada hawafanyii humo tena kama zamani, 1868 walijenga kanisa lingine pembeni, na 1877 chama cha kulinda mambo ya kale kikanunua hili. Hiyo iliniuma. Nikaimba pambio moja polepole, ya kwetu, na wageni wengine wakanyamaza.

Makanisa ya namna hii Norwe nzima yamebaki 28. Hata pale Bergen kwa yaya kulikuwa moja, Fantoft, mtu akalichoma 1992, wakajenga upya. Njia yote ya kurudi niliwaza Kadutu, moto ukishika nyumba moja ya mbao usiku, kufikia asubuhi ni mstari mzima, gari la kuzima moto halina hata fasi ya kupita, na tunajenga tena vilevile, mbao kwa mbao.

Sabuni haikutoa kitu. Yaya akasugua mafuta ya kupikia, doa likapungua. Shimizi nimeitundika kwenye atelye, vijana wakiniuliza nawapa wanuse. Nyumba yenye najenga sasa mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, nguzo zote ziko juu ya mawe, mwenye nyumba ananung'unika kila siku eti mawe yamepandisha bei.