Vampaya wa The Elder Scrolls: ashibe au afe njaa?

Jamani, kwenye mfululizo huu wa michezo ya video mchezaji anaweza kuwa vampaya (mnyonya damu), na kanuni ya damu inabadilika kila mchezo. Kwenye Oblivion (2006), usiponyonya damu, ngazi ya uvampaya wako inapanda kutoka asilimia 25 hadi 100. Nguvu zinaongezeka, lakini kuanzia 50 jua linakuunguza. Skyrim (2011) njaa bado ndiyo nguvu, ila jua haliunguzi: linapunguza na kuzuia afya, majika (nguvu za uchawi) na stamina (pumzi ya mwili) kujirudisha. Dhaifu sana, kwa maoni yangu. Kisha 2020 The Elder Scrolls Online ikapindua yote: kunyonya ndiko kunakopandisha ngazi! Ukiingia na mazoea ya Skyrim, unanyonya watu ukidhani unashuka, kumbe unapanda, na kila ngazi moto unakuumiza zaidi. Angalau kwenye Skyrim ugonjwa unaokugeuza vampaya una siku 3 za kuutibu mapema.