Robo, nusu na chenji: hesabu za mtoto gengeni

Watoto wangu wamejifunzia hesabu gengeni na dukani, na siku hizi simwanzishi mtoto na chenji. Nampa 2,000 na vitu viwili vyenye bei nyepesi: nyanya fungu la 1,000, vitunguu vya 500. Ajumlishe kwanza, ndipo atoe hela. Tunakwenda asubuhi. Jioni wateja wamejaa, muuzaji humtajia jibu kabla hajafikiri.

Kazi kubwa iko kwenye robo. Mtoto anayeona 4 ni kubwa kuliko 2 hudhani robo inaizidi nusu. Kwenye mizani ya mawe, omba jiwe la gramu 500 upande mmoja na mawe mawili ya 250 upande wa pili. Akiona yamelingana, ameelewa. Kwa upande wa hela, agawe kwa mbili mara mbili: maharage kilo 3,000, nusu 1,500, robo 750. Akizoea, mpe bei isiyokubali. Kilo ikiwa 2,700, robo ni 675, lakini sarafu ndogo anayoweza kushika ni ya 50, kwa hiyo atatozwa 700. Mwambie ahesabu robo nne: 2,800. Kununua robo robo kumemla 100.

Chenji naifundisha kwa kupanda, siyo kwa kutoa. Kutoa 3,650 kwenye 5,000 kunadai kukopa kwenye masifuri, na hapo ndipo wengi hupotea. Aanzie 3,650: weka 50, imefika 3,700, weka 300, imefika 4,000, weka 1,000, imefika 5,000. Jumla 1,350, na kila hatua aiweke kiganjani kwa hela halisi. Kosa la kusubiri ni 2,350: ameona kutoka 3 hadi 5 ni elfu mbili, akasahau kwamba zile 350 zimo ndani ya elfu mojawapo. Usimsahihishe kwa mdomo. Mrudishe kwenye 4,000 apande upya.

Aliyefika darasa la tano apime fungu. Fungu la 1,000 likiwa na gramu 400, na kilo inauzwa 2,200, basi gramu 100 ni 220, mara nne 880. Fungu limezidi kwa 120. Mwambie muuzaji mapema kwamba mtoto anajifunza, maana si kila mmoja hupenda fungu lake lipandishwe kwenye mizani.