Taa ya Chini ya Maji

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa fundi wa stima mmoja pale Kisumu. Wateja wote walimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, hata wale wasiokuwa Wajaluo. Kazi zetu zilikuwa soketi zilizoungua, pampu za visima, na mara mojamoja jenereta. Taa ya kidimbwi cha kuogelea sikuwa nimewahi kuigusa, mpaka tulipoitwa kwenye gesti moja huko Milimani.

Mwenye gesti alikuwa na harusi Jumamosi. Taa yake, ambayo umri wake ulilingana na wa kidimbwi chenyewe, ilitoa mwanga wa rangi ya chai ya strungi, na kadiri usiku ulivyoendelea ndivyo ulivyozidi kufifia. Fundi aliyetutangulia alibadilisha balbu. Ilipokataa, akashauri maji yote yamwagwe ili taa ing'olewe ukutani.

"Mama, usimwage hata ndoo moja," Jaduong' alimwambia.

Hakwenda kidimbwini kwanza. Alianzia chumba cha pampu, kwenye transfoma, ambako volti 240 zilikuwa zinaingia na 12 zinatoka sawasawa. Akahamia kwenye kisanduku cha maungio, kilichofungwa ukutani juu ya usawa wa maji. Taa ikiwa inawaka, alipima waya unaotoka kwenye transfoma: karibu 12. Akapima unaokwenda kwenye taa: 8.

"Nne zimeliwa hapa hapa," akasema.

Alinipigia hesabu palepale. Balbu ya wati 300 kwa volti 12 inavuta ampea 25. Mkondo mkubwa hivyo hauvumilii kiungo kichafu. Viungo vyetu vilikuwa vimeota kutu ya kijani na plastiki yake imegeuka kahawia kwa joto. Na kadiri vilivyopata moto ndivyo vilivyozidi kuizuia stima. Basi hata ungebadilisha balbu kila wiki, mwanga ungebaki uleule.

Mimi ningekata nyaya, nikafunga viungo vipya, nikaomba malipo. Yeye alitaka kuiona taa yenyewe. Alizima breka, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni mwa shati (ufunguo wa chumba cha pampu hakuuamini, kwani kila mfanyakazi alikuwa nao), kisha akalala kifudifudi ukingoni na kutumbukiza bisibisi majini. Taa imeshikwa na skrubu moja tu, upande wa juu. Ilipolegea, taa nzima ikatoka kwenye tundu lake ikivuta kebo ndefu iliyokuwa imezungushwa nyuma yake, ikatosha kufika hadi kwenye vigae. Mwenye gesti alibaki mdomo wazi. Kebo huachwa ndefu kwa makusudi hayo, na sijui yule fundi wa kwanza aliibadilishaje balbu bila kuliona hilo.

Ndani ya kioo mlikuwa na maji. Raba ya kuzuia maji yasiingie ilikuwa imekauka na kulala bapa. Taa ilifunguliwa, raba ikarudishwa ileile. Nilipotaja gundi ya silikoni, Jaduong' hakunijibu, alinipa pesa niende mjini kutafuta raba mpya. Niliporudi, alikuwa amekata kebo kwenye kisanduku kile mpaka kwenye shaba safi na amefunga viungo vipya.

Mwenye gesti akataka taa iwashwe palepale nje, aione kabla haijarudishwa.

"Haiwezekani, mama. Hii inapozwa na maji. Ikiwaka hapa juu itaungua."

Badala yake tuliizamisha kwenye beseni la kufulia, tukaitazama muda mrefu kama inatoa viputo vya hewa. Haikutoa. Leo ningemshauri aweke LED ya wati 30 hivi, inayovuta sehemu ndogo tu ya mkondo ule, lakini wakati huo hakuna duka tulilolijua lililokuwa nayo.

Giza lilipoingia, fyuzi ikatoka mfukoni. Kidimbwi kikawaka cheupe kutoka ukuta hadi ukuta, na sote tukaona mwani uliotanda sakafuni, vijiko viwili na kandambili moja ya mtoto.

"Nani anasafisha hiki kitu?" mwenye gesti akauliza, akageuka kumtafuta kijana wa bustani.

Jaduong' alikuwa ameshafunga mkoba. "Mama, kabla hujamwita," akasema, "tumalizane sisi kwanza."