Siku moja maishani mwangu: Isimila na Kidato cha Kwanza

Saa 12:15 asubuhi. Iringa ya mwezi wa nne ni baridi na matope. Mvua imenyesha usiku kucha, na mimi nimeipokea kwa furaha: leo nawapeleka Kidato cha Kwanza Isimila, kwenye korongo lenye zana za mawe za watu wa kale, na korongo lililonyeshewa usiku lina mengi ya kuonyesha. Nafunga begi: dira, tepu ya mita 30, kamba ya urefu huohuo, chupa tupu za plastiki, kalamu za risasi. Nafundisha Historia na Jiografia, na siku kama hii masomo hayo mawili hayana mpaka.

Saa 1:10. Nafika shuleni. "Shikamoo madam!" kutoka kila upande. Nakusanya fomu za ruhusa za wazazi, mwalimu wa zamu anamaliza mstari, wanafunzi wanaingia kwenye vipindi vya kwanza.

Saa 3:00 kamili. Kabla ya safari tunasoma kipima mvua, tulichokitengeneza wenyewe kwa chupa. Wanasoma wawili bila kuambiana. Mmoja anaandika milimita 18, mwingine 19. Nawauliza swali ninalowauliza mwaka mzima: tunajuaje? Darasa linawatazama wote wawili wakirudia, na linagundua kwamba wa 19 alisoma akiwa amesimama, macho yako juu ya usawa wa maji. Anapiga magoti, anasoma upya: 18. Inaingia kwenye daftari la hali ya hewa.

Saa 4:00. Isimila iko kilomita kama 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Mwongozaji, mzee anayewajua wanafunzi wetu kwa kelele zao, anaanza na sharti: hakuna kuokota kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda zana hizi, nami naongeza sababu yangu. Jiwe likishaondolewa mahali pake, hatujui tena lilikuwa tabaka gani la udongo, karibu na nini.

Kisha mzee anatoa shoka moja la mkono, yaani jiwe lililochongwa la kushikwa bila mpini, na kulipitisha. Binti mmoja mkimya, ambaye darasani simsikii hata kwa wiki, analigeuza mpaka kidole gumba kinapata mahali pake. Anapitisha kidole kwenye makovu ya kugongwa. "Madam, huku wamegonga, na huku pia."

"Tunajuaje kwamba ni mtu? Pengine ni mto umelivunja."

Wanashindana kwa muda. Jibu linatoka kwake tena: jiwe la mtoni huwa limelainika pande zote, hili lina makovu yaliyofuatana ukingoni, upande huu na upande wa pili. Mwenzake anaonyesha mawe mengine yaliyolala pale chini: umbo ni lilelile. Hapo ndipo ninapowapa miaka. Zana ziliokotwa hapa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa Marekani, Clark Howell, akaongoza uchimbaji. Umri wa zana hizo unakadiriwa kufikia miaka 300,000 hivi, Zama za Mawe za Kale. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwishatoweka.

Kiboko kwenye korongo kavu? Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Tunatia udongo wa bustani ya shule kwenye chupa, tunajaza maji, tunatikisa, tunaweka chini. Mchanga unatua mara moja, udongo laini unabaki ukielea. Wanalinganisha na ukuta wa korongo: hapa chembe nene, pale laini, tena nene. Wanasema wenyewe kwamba palikuwa na maji, mara yanakwenda kasi, mara yametulia. Ndivyo ilivyokuwa: ziwa dogo na vijito vyake.

Saa 5:30. Tunashuka kwenye nguzo za udongo. Ni ndefu, nyekundu na kijivu, nyingine zimevaa kofia ya tabaka gumu linalokinga mvua isile chini yake. Wengine wanachora ramani kwa dira na hatua, wengine wanapima vijifereji vilivyochimbwa na mvua ya jana. Kimoja kina kina cha sentimita 4. Usiku mmoja tu! Mvulana mmoja anauliza kama mvua itazisomba na zana. Itazisomba, ndiyo. Mmomonyoko ndio uliozifunua na ndio unaoziondoa. Unazuka mjadala mkali, kujenga kingo au kuacha, na unafanyika kwa Kiswahili ingawa ripoti wataiandika kwa Kiingereza. Nauacha uendelee, hoja kwanza.

Saa 7:00 mchana. Maandazi, mayai, chai. Halafu kamba. Mita 30, kila mita moja miaka 10,000. Mwanzo ni wenye shoka la mkono, mwisho ni leo. Nawaambia wasimame mahali panapofaa. Ufuaji wa chuma kwenye nchi za Maziwa Makuu, takriban miaka 2,500 iliyopita: sentimita 25 kutoka mwisho. Vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe dhidi ya Wajerumani: sentimita moja na kidogo. Uhuru wa 1961: milimita 6 hivi. Umri wao wenyewe hauonekani bila rula. Mmoja anauliza nyayo za watangulizi wa binadamu kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, za miaka milioni 3.6, zingekuwa wapi. Wanapiga hesabu mchangani: kamba ya mita 360.

Saa 9:30. Tumerudi. Mwenzangu ofisini ananiambia kwa upole kwamba nimepoteza vipindi na mitihani haingoji. Namwelewa, silabasi ni ndefu. Lakini mtoto aliyelishika lile shoka hataandika "walitumia zana za mawe" na kuishia hapo, ataeleza zilivyochongwa. Hilo ndilo ninalolipigania hata kwenye alama.

Saa 2:00 usiku. Nasoma maswali waliyoyaandaa kwa ziara ya Kalenga mwezi ujao, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mengi ni ya silaha na vita. Yule binti ameandika moja tu: "Fuvu lilirudishwa mwaka 1954. Walijuaje kwamba ni lake?" Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kule Bremen, Ujerumani, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa zake Mkwawa. Kama ushahidi huo unatosha, nataka waujadili wao. Nimeliweka swali lake liwe la kwanza kwenye orodha.