Moyo ulishika haraka, kichwa ndicho kilichonisumbua

Kwa miaka 9 mimi ndiye niliyeshika daftari la mchezo wetu wa kuchanga na kupeana fedha kwa zamu, akina mama 12 kutoka pwani tunaoishi hapa Houston. Zamu zote zilikuwa kichwani. Mwezi wa nne baada ya kupandikizwa moyo nikamwita mwenzetu aje kuchukua fedha, kumbe alishapokea. Nilijifungia bafuni nikalia.

"Ni uchovu tu shoga, pumzika," kila mtu aliniambia hivyo. Nilikataa, na ninafurahi nilikataa. Kliniki nilichorewa saa kwenye karatasi nikaambiwa niiige, nikapewa maneno 5 ya kukumbuka, nikarudisha 2. Nikabandikwa nyaya kichwani kupimwa umeme wa ubongo, mawimbi yakaonekana yanakwenda polepole. Daktari akanieleza: moyo wa zamani ulipokuwa unachoka, ubongo ulipata damu kidogo kwa muda mrefu. Ukaja upasuaji, damu ikizungushwa na mashine. Juu yake takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo, ambayo ikizidi kwenye damu hutetemesha mikono na kuvuruga akili.

Yangu ilizidi. Jirani alinishauri juisi ya balungi kila asubuhi, eti inasafisha damu, nikanywa wiki tatu. Balungi huuzuia mwili kuivunja dawa hiyo. Mwenye moyo au figo ya kupandikizwa asiliguse!

Sasa siku ya kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi hainywewi mpaka damu itolewe. Mara mbili nilimeza kwa mazoea, safari ikaharibika na dola kama 20 za maegesho zikaenda. Kengele ya simu? Naizima, hapo hapo nimesahau ilikuwa inanikumbusha nini. Karatasi kwenye friji macho yalizizoea. Usiku mmoja nikatia kikasha cha vidonge ndani ya kiatu changu cha kutokea. Asubuhi mkono ukapapasa kabatini, hakuna kitu. Nikapekua jikoni, nikapekua chini ya mto, moyo unanidunda. Saa ya kutoka natia mguu kwenye kiatu, vidole vinagonga plastiki: leo damu kwanza! Kikaingia mkobani, nikameza baada ya sindano. Sijakosea tena tangu siku hiyo.

Dozi ilipopunguzwa mikono ilitulia. Kumbukumbu inarudi taratibu, majina ya watu ndiyo mazito zaidi. Lakini daftari limerudi kwangu, sasa naandika hata lile nililo na uhakika nalo, na yule mwenzetu niliyemkosea ndiye aliyelileta mwenyewe mpaka mlangoni.