Magoti yangu na pengwini wa Cuverville

Nianze na magoti, maana ndiyo yaliyonisumbua kuliko bahari. Nina miaka 61, goti la kulia lilishapasuliwa mara moja, na ndoto yangu ya Antaktika kwa miaka yote ilikuwa ni hii: nitatafuta jiwe, nitakaa, nitawatazama pengwini mpaka nichoke mwenyewe. Nilipomuuliza mwongozaji wetu kama naweza kukaa kidogo kwenye theluji, alitikisa kichwa hata sijamaliza swali. Hukai, hupigi magoti, hulali, wala begi huliweki chini. Virusi vya homa ya mafua ya ndege viligunduliwa kisiwani South Georgia Oktoba 2023, na Februari 2024 vikathibitishwa kwenye bara lenyewe. Kwa hiyo kitu pekee cha mgeni kinachogusa ardhi karibu na wanyama ni soli za buti na ncha ya fimbo, navyo viwe vimeoshwa kwa dawa.

Basi nilisimama. Saa moja na nusu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kila ninayekutana naye anauliza nilichaguaje meli. Sikuangalia vyumba wala picha za sebule. Niliuliza swali moja tu: mnabeba abiria wangapi? Kule kuna sheria kwamba watu wasiozidi 100 ndio wanaoweza kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa; mtaona Antaktika mkiwa juu, mkiegemea vyuma. Meli yetu ilikuwa na abiria 94. Maana yake tunashuka wote na tunarudi wote. Mwenzangu wa chumbani aliwahi kwenda huko nyuma na meli ya watu karibu 400. Walikuwa wakishushwa kwa zamu, kundi moja likirudi ndipo lingine lishuke, na anasema sehemu kubwa ya safari ile aliimalizia kwenye kuvaa na kuvua suruali za mvua.

Meli ndogo nayo ina adhabu yake. Kutoka Ushuaia, bandari ya kusini mwa Argentina, unapita Mfereji wa Beagle, maji yametulia kama ziwa, watu wanacheka, wanapiga picha. Usiku unaingia Mlango-Bahari wa Drake. Ni kilomita kama 800 kutoka Cape Horn, ncha ya Amerika Kusini, mpaka Visiwa vya Shetland Kusini, na kwenye latitudo zile karibu hakuna nchi kavu kuizunguka dunia, kwa hiyo upepo na mawimbi havina cha kuvizuia. Meli ilikwenda mrama siku mbili. Asubuhi ya kwanza chumba cha kulia kilikuwa na watu wanane, na wawili kati yao waliondoka haraka kuliko walivyoingia. Bahari hainilevyi sana, namshukuru Mungu, ila nilifanya kosa la kuchukua kitabu maktabani na kukutana na habari za MS Explorer. Ile ndiyo meli ndogo nyekundu iliyojengwa 1969 kwa ajili ya Lars-Eric Lindblad, bwana aliyeanza kupeleka watalii kule 1966. Novemba 2007 iligonga barafu, ikazama. Watu wote 154 waliokolewa. Bado, si habari ya kusoma wakati kikombe chako kinateleza mezani kwenda na kurudi.

Nilikirudisha kitabu nikapanda kumtazama albatrosi. Alikuwa nyuma yetu, upande wa tezi, mabawa yakipita mita tatu kutoka ncha hadi ncha, na kwa muda wote niliomtazama sikumwona akiyapiga hata mara moja. Anashuka mpaka nusura bawa liguse maji, anageuka dhidi ya upepo, upepo unamnyanyua, anashuka tena. Sisi tunang'ang'ania kamba, yeye kama yuko kwake. Ni kwake, kweli.

Siku ya pili mchana tukaitwa mmoja mmoja na nguo zetu kwenye ukaguzi. Kila mfuko unageuzwa nje. Kila mshono unapitishiwa mashine ya kuvuta vumbi, na penye mkanda wa kunatana wanachokoa kwa kibanio, unywele kwa unywele. Mimi nilijua niko safi, niliosha kila kitu. Kwenye soksi yangu ilitoka mbegu ya nyasi. Moja, imejikunja, ina miiba midogo ya kushikia. Kijana aliyekuwa akinikagua aliinua kibanio akanionyesha bila kusema neno, akaitia kwenye bahasha. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye ugonjwa.

Mpango ulikuwa tuanzie Neko Harbour. Tulipofika upepo ukakataa. Nahodha akatangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea, na baada ya saa mbili tukawa mbele ya kisiwa cha Cuverville, ambacho hakikuwemo hata kwenye ratiba. Hilo lizoee mapema. Mlango-Bahari wa Lemaire, ambao watu wengine walikuja kwa ajili yake tu, tuliukuta umejaa barafu tukageuka. Bwana mmoja alinuna mpaka chakula cha jioni.

Kushuka kwenye mashua ya mpira kuna adabu zake. Humpi baharia kiganja. Unamkamata juu ya kifundo cha mkono naye anakukamata hivyo hivyo, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Unasubiri wimbi liinue mashua, anasema sasa, unakanyaga, unakaa papo hapo. Goti langu lililalamika, likatii.

Cuverville unaisikia kwa pua kabla ya macho. Kinyesi cha pengwini wanaokula uduvi kina rangi ya waridi na harufu ya rundo la samaki waliosahauliwa juani, na kuna pengwini maelfu pale. Wana njia zao kwenye theluji, wamezikanyaga mpaka zimekuwa mitaro, na njia ni zao: akija, unasimama umpishe. Unatakiwa ukae mita tano mbali nao. Sheria hiyo tumeisoma sisi, wao hawajaisoma. Mmoja alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akanitazama kwa lingine. Nikarudi nyuma hatua moja, mguu ukazama mpaka gotini. Nilipoutoa, mwongozaji alinionyesha lile tundu: nilifukie kwanza, kwa sababu pengwini akitumbukia humo huenda asitoke.

Nikalifukia kwa buti. Kisha nikaegemea fimbo na kumchagua pengwini mmoja wa kumtazama, wa aina ya gentoo, mwenye doa jeupe juu ya jicho. Alikuwa akibeba mawe. Kiota chao ni mawe matupu, jike limelalia mayai, dume linakwenda kutafuta jiwe zuri, linalichagua, linaliacha, linachukua lingine, linapanda nalo polepole, linaliweka miguuni pa mwenzake na kuinama. Wanainama wote wawili. Halafu anashuka tena. Nilimhesabia safari saba. Kilichonichekesha ni jirani wa nyuma, ambaye hakutoka alipo hata mara moja. Kila bwana alipogeuka yeye alinyoosha shingo, akadokoa jiwe, akalivuta kwake. Baada ya safari ya saba, kiota cha mchapakazi kilikuwa kilekile. Cha jirani kilinenepa. Nilitaka kupiga kelele.

Kwa saa moja na nusu ile sikupiga picha zaidi ya tano, na nne ni za mwizi.

Ufukweni tulisugua buti kwa brashi, na melini tukazisugua tena kabla ya kukanyaga ndani ya beseni la dawa. Mwongozaji aliinua mguu wangu kama mtu anayemkagua punda kwato, akachokoa kwenye mfereji wa soli kwa kibanio kilekile cha siku ya ukaguzi. Kikatoka kijiwe cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nilidhani atakitupa baharini. Alikitazama, akakifuta kwa kidole, akauliza kama nilisimama upande wa kushoto wa makazi ya pengwini au wa kulia. Wa kushoto, nikamwambia. Akakitia mfukoni, akashuka ngazi kuifuata mashua ya mwisho iliyokuwa inarudi kung'oa bendera za njia.